Mwalimu wa Kiingereza wa kigeni nchini Korea Kusini

Mwalimu wa Kiingereza wa kigeni nchini Korea Kusini ni mgeni aliyeajiriwa kwa mkataba, aghalabu wa mwaka mmoja, kufundisha mazungumzo ya Kiingereza katika shule ya serikali au katika kituo binafsi cha tuisheni, ambacho Wakorea hukiita hagwon. Wengi ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza muda si mrefu, na baadhi hawajawahi kusimama mbele ya darasa kabla ya kufika. Kinachowatofautisha na wageni wengi wenye elimu ya chuo kikuu ni kwamba mshahara, nyumba na kibali cha kuishi nchini vyote hutoka kwa mwajiri mmoja. Karibu kila jambo katika maisha yao ya kila siku, la kufurahisha na la kuumiza, hutokana na hali hiyo.

Asili

Kiingereza kiliingia Korea kwa amri ya serikali. Mwaka 1883, baada ya Joseon, ufalme wa Korea wa wakati huo, kutia saini mkataba na Marekani mwaka mmoja kabla, ilifunguliwa mjini Seoul shule ya kuandaa wakalimani, Dongmunhak. Mwaka 1886 ikafuata Yukyeong Gongwon, shule ya kifalme ya watoto wa wakubwa, iliyoajiri vijana watatu kutoka Marekani. Mmoja wao, Homer Hulbert, alijifunza Kikorea, akaandika kitabu cha jiografia kwa hati ya Hangul wakati wasomi wa nchi bado waliithamini zaidi hati ya Kichina, na baadaye akatetea uhuru wa Korea dhidi ya Japani. Alifariki Seoul mwaka 1949 na kuzikwa katika makaburi ya wageni ya Yanghwajin. Anayetaka kujua mwalimu mgeni anaweza kuwa nani kwa Wakorea aanze na Hulbert.

Kati ya 1966 na 1981 vijana wapatao 2,000 wa Kikosi cha Amani cha Marekani walihudumu nchini humo, wengi wao wakifundisha Kiingereza katika shule za miji midogo. Kathleen Stephens, aliyefundisha Yesan katikati ya miaka ya 1970, alirudi mwaka 2008 akiwa balozi wa nchi yake.

Soko la leo lilizaliwa baadaye. Mwaka 1980 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ulipiga marufuku masomo ya ziada ya kulipia. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba inakwenda kinyume cha katiba. Kufikia hapo serikali ilikwisha kuanzisha mpango wa EPIK mwaka 1995 ili kupeleka walimu wageni katika shule za umma, na tangu 1997 Kiingereza kilikuwa somo la lazima kuanzia darasa la tatu. Mwaka huohuo thamani ya sarafu ya won iliporomoka katika msukosuko wa fedha wa Asia. Walimu waliokuwa wakituma dola nyumbani kulipia mikopo ya masomo waliona mishahara yao ikiyeyuka katika wiki chache, na wengi wakafunga virago. Uchumi ulipoinuka wakaja wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wenye viza ya kazi hii walizidi 20,000. Baada ya hapo idadi ikashuka, kwa kuwa maeneo kama Seoul na Gyeonggi yalipunguza bajeti ya walimu wageni shuleni, na watoto wenyewe wanazidi kuwa wachache: mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke.

Nani huruhusiwa

Viza ya walimu hawa huitwa E-2. Hutolewa kwa raia wa nchi saba, ambazo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkataba wa kiuchumi kati ya Korea na India, ulioanza kutumika mwaka 2010, uliwafungulia pia Wahindi wenye leseni ya ualimu. Mkenya au Mganda aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu hana njia hiyo, hata kama Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi yake. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya bara letu iliyomo. Kigezo ni pasipoti, si uwezo wa kuongea wala wa kufundisha, na ni vigumu kukitetea kwa hoja ya kielimu.

Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada na hati ya polisi ya tabia njema, zote zikiwa zimethibitishwa rasmi katika nchi yake. Akishafika hupimwa afya, ikiwemo kifua kikuu na matumizi ya dawa za kulevya. Kuanzia 2007 alilazimika pia kupimwa virusi vya UKIMWI, sharti ambalo walimu Wakorea hawakuwekewa. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kurudia kipimo hicho akapoteza kazi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi ikampa haki, na mwaka 2017 sharti likafutwa.

Katika kituo cha tuisheni

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua tuisheni, lakini ukubwa wa biashara hii Korea ni wa aina nyingine. Mwaka 2024 familia zilitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada, na wanafunzi wanane kati ya kumi walihudhuria. Mtaa wa Daechi-dong mjini Seoul umejaa vituo hivi ghorofa juu ya ghorofa, na jioni magari madogo ya njano hupanga foleni kushusha watoto wenye mikoba mizito. Seoul imeweka sheria kwamba vituo vifungwe saa nne usiku, na Mahakama ya Katiba iliiunga mkono mwaka 2009.

Mwalimu wa hagwon huanza kazi mchana na kutoka usiku. Wale wa vituo vya chekechea huanza asubuhi. Watoto wengi hupewa majina ya Kiingereza ya darasani, na mara nyingi kuna kamera ukutani ambayo mmiliki huitazama akiwa ofisini. Mama wa mtoto ndiye mteja. Akipiga simu kulalamika kwamba kitabu kinakwenda polepole, kasi itaongezwa kesho yake, mwalimu apende asipende. Kila mwezi huandikwa ripoti ya kila mtoto, na ripoti hiyo hukwepa kusema mtoto amekwama, kwa sababu mteja anaweza kuhamia jengo la jirani.

Ndani ya chumba hicho kidogo, hata hivyo, kufundisha hutokea. Kikorea hakina sauti ya f. Mwalimu huweka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, hupuliza, huwaonyesha tena kwa ubavu, na watoto kumi humwiga huku wakirushiana mate na kucheka. Mmoja akiipata, wenzake humgeukia wamtazame mdomo. Wiki moja baadaye wameisahau nusu, na zoezi huanza upya. Kazi hii ya mdomo na sikio ndiyo sababu ya mgeni kuajiriwa.

Katika shule ya serikali

Shuleni mambo ni ya utulivu zaidi. Siku huanza saa mbili na nusu asubuhi na kuisha saa kumi na nusu jioni, vipindi ni 22 kwa wiki, na mwalimu Mkorea hukaa darasani pamoja na mgeni. Uhusiano wa hawa wawili ndio huamua mwaka utakwendaje. Mwalimu mwenza mzuri hugawana somo, hutafsiri pale darasa linapopotea, humsindikiza mgeni benki na hospitali. Asiye na muda hukaa nyuma akisahihisha madaftari, na mgeni hubaki na wanafunzi asioelewana nao. Wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa nyumbani, mgeni mara nyingi hutakiwa kukaa mezani kwake siku nzima kwa kuwa mkataba unataka hivyo.

Saa ya chakula kila mmoja huchukua sinia la chuma lenye vishimo: wali, supu, kimchi, na vitoweo viwili vitatu. Mwalimu hukaa na kula chakula kilekile cha wanafunzi, kwa kijiko na vijiti vya chuma ambavyo huteleza kuliko vya mbao, na mabaki humwagwa kwenye ndoo kabla ya sinia kurudishwa. Ndani ya jengo watu huvaa ndala. Viatu vya nje hubaki kwenye kabati mlangoni.

Hapa pana tatizo ambalo naliona ni kubwa kuliko yote ya kazi hii. Kinachowaendesha watoto wa Korea ni mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, Suneung, unaofanyika Novemba. Siku hiyo ndege haziruhusiwi kutua wala kuruka kwa muda wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Mtihani wa Kiingereza una maswali 45: ya kusikiliza 17, ya kusoma 28, ya kuongea hata moja. Mgeni ameletwa afundishe kuongea, na kuongea hakupimwi. Mtoto wa darasa la nne hucheza naye kwa furaha. Akifika sekondari ya juu huanza kutumia kipindi cha mgeni kufanyia mazoezi ya masomo mengine, naye hafanyi kosa, anafuata hesabu aliyowekewa. Walimu wageni wengi hulaumu aibu ya Wakorea au mbinu zao wenyewe, ilhali sababu imechapwa kwenye karatasi ya mtihani.

Nyumbani na mtaani

Mwajiri hutoa chumba, kwa kawaida kimoja chenye jiko dogo, mashine ya kufulia na bafu ambalo sakafu yake yote hulowa. Joto hutoka chini, kwa mfumo wa ondol, ambao leo hupitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya sakafu. Usiku wa Januari, Seoul ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, mgeni hugundua kwa nini Wakorea wengi hulala na kula chini. Kupewa nyumba ni nafuu kubwa kweli, kwa sababu mpangaji wa kawaida hutakiwa kuweka amana ya mamilioni ya won. Ila mwenye kufukuzwa kazi hupoteza na paa.

Takataka humchosha mgeni kabla ya lugha. Tangu 1995 uchafu wa kawaida hutupwa katika mifuko maalumu inayouzwa madukani ikiwa na jina la wilaya, na bei ya mfuko ndiyo ada ya kuzoa. Plastiki, chupa na karatasi hutengwa. Mabaki ya chakula yana chombo chake, na katika majengo mengi mashine huyapima uzito na kumtoza kila mpangaji. Yanayohesabiwa kuwa chakula ni yale mnyama anayoweza kula, hivyo mifupa na maganda ya mayai huenda kwenye mfuko wa kawaida. Mgeni aliyekosea hukuta mfuko wake umeachwa pale pale, mbele ya majirani.

Umri huulizwa mapema, maana ndio huamua namna ya kuzungumziana. Kitu hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, jambo ambalo mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa maana yake. Jioni za kazini, ziitwazo hoesik, walimu huchoma nyama ya nguruwe mezani, hunywa pombe iitwayo soju na huishia kwenye chumba cha kuimbia. Mdogo humjazia mkubwa glasi, na akinywa hugeuza uso pembeni. Asiyekunywa pombe anaweza kujaziwa soda, mradi glasi aishike kwa mikono miwili. Mwislamu hupata shida zaidi kwenye nyama. Chakula cha halali hupatikana kwa urahisi Itaewon, kuzunguka msikiti uliofunguliwa mwaka 1976, lakini katika mji mdogo wa mkoa mtu hujipikia.

Mkataba na malalamiko

Anayemaliza mwaka hulipwa kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja. Wamarekani na Wakanada hurudishiwa pia michango ya pensheni waondokapo. Sheria njema ya kiinua mgongo imezaa hila inayojulikana na kila mwalimu: kufukuzwa mwezi wa kumi na moja ili kiinua mgongo kisilipwe. Malalamiko hupelekwa ofisi ya kazi, ambayo husikiliza, lakini mlalamikaji yuko katika hali dhaifu. Kuhama kabla ya mkataba kuisha kunahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri yuleyule anayelalamikiwa, na bila barua viza humlazimu aondoke nchini. Kufundisha watoto majumbani kwa malipo ni kosa kwa mwenye E-2, hata mshahara wake ukicheleweshwa miezi.

Maombi ya kazi hudai picha, na rangi ya ngozi huamua mengi. Waafrika Kusini na Wamarekani weusi wenye sifa zote wamekataliwa kwa maelezo ya wazi kwamba wazazi wanataka mzungu. Hata Wamarekani wenye asili ya Korea, ambao Kiingereza ndicho lugha yao ya kwanza, huambiwa sura zao hazifai kwa tangazo. Korea Kusini haina sheria ya jumla ya kuzuia ubaguzi, ingawa miswada imefikishwa bungeni mara kadhaa tangu 2007, na anayekataliwa ana pachache pa kushika.

Wengi huondoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Wanaobaki hutafuta viza za kundi la F, kwa ndoa, kwa mfumo wa alama au kwa ukaazi wa kudumu. Mwenye ndoa au ukaazi wa kudumu hubadili mwajiri bila barua, hupanga nyumba kwa jina lake, hufundisha watu binafsi baada ya kujiandikisha katika ofisi ya elimu, na baadhi yao wamefungua vituo vyao wenyewe.