Muuguzi wa Goma na Ruhusa ya Kusema

Julai 1994, katika muda wa siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kipindupindu kikawafuata, kisha kuhara damu, na mwezi wa kwanza haujaisha watu wapatao 50,000 walikuwa wamekufa. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama habari ya vita na ukimbizi. Kama habari ya uuguzi imesimuliwa kidogo sana, ingawa ushahidi upo. Wataalamu wa kipindupindu kutoka Dhaka, Bangladesh, waliokuja Goma kusaidia, walichapisha mwaka 1995 uchambuzi usiomwonea mtu haya. Wagonjwa wengi walifia ndani ya vituo vya tiba vyenyewe. Walirudishiwa maji polepole mno, wengine walitundikiwa serumu isiyofaa, maji ya chumvi na sukari ya kunywa yalitumiwa kidogo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali.

Tuliangalie jambo hilo kwa karibu. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa kabisa anahitaji lita 5 za serumu ndani ya saa 3, na lita moja na nusu kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Matone yakidondoka kwa mwendo wa kawaida wa wodini, mtu huyo atakufa huku chupa imening'inia juu yake. Anayemshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo ya damu, anayeifungua serumu ikimbie, anayeamua kutafuta mshipa wa pili, ni muuguzi, kwa sababu daktari yuko hema la kumi. Ndiyo maana nasema usalama wa mgonjwa katika Goma umekuwa ukipanda na kushuka kwa kipimo kimoja: muuguzi ameruhusiwa kiasi gani kuamua, na ameruhusiwa kiasi gani kusema kwamba jambo linakwenda vibaya.

Ruhusa hiyo haikuwa sehemu ya urithi wake. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mkongo aliweza kuwa msaidizi wa muuguzi, muuguzi, na kwa wachache mno msaidizi wa daktari, lakini juu ya ngazi hiyo palikuwa na dari. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyehitimu katika vyuo vya nchi. Madaktari Wazungu walipoondoka kwa wingi, wauguzi waliofundishwa kutii walijikuta wanaongoza. Kazi ya daktari wakapewa. Sauti ya daktari hawakupewa. Jaribio kubwa la kurekebisha hali hiyo lilifanyika Kasongo, katika Maniema, wakati huo ikiwa sehemu ya mkoa wa Kivu. Kuanzia mwaka 1971 timu iliyohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp iliwaandalia wauguzi wa vituo michoro ya maamuzi: mtoto ana homa, uliza hili, pima lile, mpe dawa hii au mpeleke hospitali. Wapo walioona michoro hiyo inamfanya muuguzi mashine. Mimi naiona kinyume chake. Karatasi ile ilimpa kitu cha kusimamia mbele ya mkubwa wake, na ilifanya kosa lionekane, kwani palikuwa na njia iliyoandikwa ambayo mtu aliiacha. Muuguzi anayeongoza kituo cha afya, mhimili wa zoni za afya mpaka leo, ni mtoto wa fikra hizo.

Pingamizi la kwanza ni la umaskini, na lina uzito. Utazungumziaje utamaduni wa usalama mahali ambapo glavu zimekwisha, maji ya bomba hayaji, na muuguzi anaishi kwa posho inayotokana na malipo ya wagonjwa? Hospitali ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, mwaka 1976, inaonekana kulithibitisha: wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi, zikisuuzwa tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, na Ebola ikaua watu 280 kati ya 318 walioambukizwa, wakiwemo 11 kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali. Uhaba ulikuwepo, nani atabisha? Lakini maji ya kuchemshia sindano yaliweza kupatikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kusema tusimamishe kwanza. Goma ya 1994 inatuonyesha upande wa pili: misaada ilishuka kwa ndege, na watu wakaendelea kufa kwa wingi.

Kisha ikaja 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu tarehe 1 Agosti 2018, na kabla haijafika Goma wahudumu wa afya zaidi ya 3,000 wa mji huu walikuwa wamechanjwa. Tarehe 14 Julai mchungaji mmoja aliingia kwa basi kutoka Butembo, akiwa mgonjwa. Alikuwa amepita vizuizi vya kupima homa bila kugunduliwa. Waliomgundua ni wahudumu wa kituo cha afya alikokwenda kutibiwa: walizitambua dalili, wakatoa taarifa, na siku ileile maabara ikathibitisha. Hakuna mtu aliyeambukizwa naye mjini. Mgonjwa wa pili, mchimba dhahabu aliyetoka Ituri, aliugua siku kadhaa kabla ya kutengwa tarehe 30 Julai. Alikufa kesho yake, na mke na mtoto wake mdogo wakaambukizwa, ingawa wote wawili walipona. Mji ni uleule, umaskini ni uleule. Tofauti ni siku chache za kutambua na kusema.

Kuna watakaojibu kwamba muuguzi akiachiwa uhuru atajifanya daktari, na watanyooshea kidole mji wa Beni, ambako vibanda vya tiba visivyosimamiwa viliwaambukiza Ebola watoto walioletwa kwa malaria. Ni kweli, na ni onyo zito. Ila uhuru wa vibandani ni uhuru wa gizani: hakuna daftari, hakuna wa kuuliza. Dawa ya hilo ni sheria na ukaguzi wa wenzao wenyewe, na tangu mwaka 2016 Kongo ina sheria iliyounda chama rasmi cha taaluma ya wauguzi.

Vita ni suala jingine. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, majeruhi walijazana hadi sakafuni, na mwezi mmoja baadaye Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba watu wapatao 130 walichukuliwa na wapiganaji kutoka hospitali za CBCA Ndosho na Heal Africa. Hakuna muuguzi anayeweza kuzuia hayo kwa daftari. Lakini makosa ya dawa, ya damu na ya usafi hayasubiri amani, na kuyazuia hakuhitaji mfadhili. Enyi mnaosimamia hospitali za Goma, fungueni katika kila wodi daftari la makosa ambalo muuguzi ataandika bila kukatwa posho, na lisomwe kila wiki mbele ya madaktari.