Fundi wa flashi au kampuni ya Dar: nani umpe funguo za kompyuta zako?

Wadau, ofisi nyingi hapa Kigoma, ziwe shule, SACCOS au intaneti kafe za pale Mwanga, zina mtu wa nje anayehudumia kompyuta zao. Wengine wana kampuni ya Dar inayoingia kwenye mashine kwa mbali, wengine wana fundi wa hapa hapa mjini na flashi yake mfukoni. Yupi hatari zaidi? Wengi watasema fundi. Mimi nasema ngoja kwanza.

Julai 2, 2021 wahalifu wa kundi la REvil walipitia programu ya Kaseya ya Marekani, ambayo kampuni za huduma za kompyuta huitumia kusimamia mashine za wateja wao. Kampuni zilizoguswa moja kwa moja hazikufika 60, lakini biashara zilizokuwa chini yao zilifika kama 1,500. Kule Sweden maduka ya Coop karibu 800 yalifungwa kwa sababu mashine za kulipia ziligoma, na Coop wenyewe hawakuwa hata wateja wa Kaseya! Ufunguo mmoja, milango mia.

Fundi naye ana yake. Akianzia Ujiji asubuhi na kumalizia Kibirizi jioni na flashi ile ile, anagawa virusi bure. Halafu ile Windows ya kuchakachua, mara nyingi masasisho yamezimwa. WannaCry ya Mei 2017 ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishaliziba Machi mwaka huo huo.

Kwa hiyo mimi sitazami bango. Nauliza: paswedi kuu anayo nani, na mfanyakazi wao akiacha kazi inabadilishwa? Bekapu iko wapi? Kama imechomekwa kwenye seva ile ile muda wote, wahalifu wakiifunga seva na bekapu imekwenda. Kuingia kwa mbali kunadai kodi ya kwenye simu, au paswedi tupu? Asiyeweza kujibu hili la mwisho simpi kazi, hata awe na ofisi ghorofani Posta.

Na msidhani ni mambo ya mabosi tu. Kwenye zile mashine za kafe kuna nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya vijana walioomba mkopo HESLB. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla hujafika huko, ukimaliza kujaza fomu futa nakala zako kwenye desktopu, na kule kwenye kapu la taka pia.