Nyumba Bila Ardhi: Mali ya Wanawake wa Kisauni

Kila unapozinduliwa mpango wa kuwainua wanawake kibiashara upande wa Kisauni, Mombasa, hotuba hufanana. Mwanamke wa pwani, husemwa, amefungiwa ndani na mila kwa karne nyingi. Sasa aamshwe, afunzwe kuweka hesabu, apewe mtaji, aingie sokoni. Nia ni njema, ila historia yake ina kasoro. Anayefuatilia mali za wanawake wa Mombasa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hawakuti watu waliokaa wakingoja kufunguliwa mlango wa biashara. Anawakuta wenye mashamba, wenye nyumba za kupangisha, wapishi, washonaji kofia na wachuuzi, ambao katika muda wa kama vizazi viwili waliponyokwa na ardhi, na ardhi ilipokwenda ikaondoka na uwezo wa kugeuza mali kuwa mtaji. Hilo ndilo dai la makala haya. Kisauni panafaa kulipimia kwa sababu historia ya shamba, ya nyumba ya kupangisha na ya karai la barabarani imepita hapa yote.

Waandishi wengi huanzia kwa Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea anayetajwa katika masimulizi ya Mombasa. Namwacha alipo, malkia hatuonyeshi watu wa kawaida walimiliki nini. Afadhali kuanzia shambani. Kabla ya reli, bara ya Mombasa ilikuwa mahali pa kulima kwa watu wa kisiwani. Watu wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na jamaa za Kiarabu wa Mji wa Kale walikuwa na mashamba Kisauni, Changamwe na Likoni, ya minazi, miembe na nafaka. Wanawake walikuwamo miongoni mwa wenye mashamba hayo, na hilo halikuwa jambo la ajabu. Sheria ya Kiislamu humpa binti fungu lake la mirathi, nusu ya la kaka yake lakini lake kweli. Mahari ni ya bibi harusi. Na mume hana mamlaka juu ya mali ya mkewe. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa alisubiri sheria ya mwaka 1882 ndipo akaweza kushika mali kwa jina lake. Mombasa ya wakati huo wanawake walikuwa wakinunua, wakiuza, wakiweka rehani na wakiweka wakfu. Mwanahistoria Margaret Strobel, ambaye kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975 kilitoka mwaka 1979, aliwakuta wanawake katika kumbukumbu za mauzo ya ardhi za mji huo, wakiwa wauzaji na wanunuzi kwa majina yao wenyewe.

Hapa pana pingamizi zito. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Bibi wa kiungwana aliyekaa utawani aliweza kufanya biashara bila kutoka kwa sababu mjakazi wake ndiye aliyejitwisha sinia akazunguka nalo mitaani, na jioni fedha zikarudi kwa bibi. Uhuru wa kibiashara wa mmoja ulikaa juu ya kifungo cha mwingine, na asiyelisema hilo anapamba historia. Kisauni yenyewe ni shahidi. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa ya Sultani wa Zanzibar, wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha mwaka 1875 kijiji cha watumwa walioachwa huru, Freretown, kilichopewa jina la mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere. Kengele yao ndiyo iliyopapa jina la Kengeleni. Wanawake walioletwa pale hawakuwa na baba wa kuwarithisha, hawakuwa na ukoo wa kudai fungu kwao, na ardhi waliyolima na kujenga ilikuwa ya misheni. Utumwa ulipofutwa kisheria katika himaya ya Waingereza mwaka 1907, maelfu wengine walijikuta katika hali iyo hiyo: mikono yao ni yao, kiwanja si chao. Kwa hiyo historia ya wajasiriamali wanawake wa Kisauni ina mikondo miwili, wa waliorithi na wa waliorithiwa. Pingamizi hili linaibadilisha picha bila kuivunja hoja. Linaonyesha kwamba kilichoamua nani atajifanyia biashara mwenyewe na nani atamfanyia mwenziwe kilikuwa umiliki. Ustadi walikuwa nao wote wawili, na pengine mjakazi alimzidi bibi yake.

Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, na bei ya ardhi ya Mombasa ikapanda. Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani: kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai na ushahidi, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda waliolima kwa haki ya ukoo walitoka wengi wao mikono mitupu, na wanawake wao zaidi. Waliopata hati nao walipata kitu kinachouzika kwa urahisi kuliko zamani. Shamba lililogawiwa warithi wanane kwa mafungu ya sharia, tena lisilo na watumwa wa kulilima, lilikuwa rahisi kuuzwa na fedha zikagawanywa kuliko kulimwa kwa pamoja. Wanunuzi walikuwapo: wafanyabiashara wa Kihindi, makampuni, Wazungu. Nyali ikawa shamba la mkonge, halafu baada ya daraja la maboya la mwaka 1931 ikawa mtaa wa matajiri. Wanaume nao waliuza, mtu atasema, na ni kweli. Tofauti ni kilichofuata. Mwanamume aliyeuza shamba alikuwa na bandari ya Kilindini, reli, forodha na ofisi za serikali za kuuzia nguvu au elimu yake. Mwanamke aliyeuza alibaki na dhahabu na nyumba. Dhahabu huisha kwa harusi na matanga. Nyumba ndiyo iliyodumu, na ni nyumba ya aina yake.

Sheria ya Kiingereza husema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya Mombasa, ikifuata fiqhi, huruhusu nyumba iwe ya mmoja na kiwanja cha mwingine. Ndiyo nyumba bila ardhi, iliyojaza Majengo kisiwani, halafu watu walipozidi ikavuka na kusambaa Kisauni. Umbo lake linajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati kama njia, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma penye jiko, choo na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mwanamke aliyeachwa, hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki kwa makuli, makondakta na wafanyakazi wa hoteli. Kila mwezi hukusanya kodi za vyumba na kumpelekea mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Hii ni biashara kamili, yenye mtaji, wateja, matengenezo na madeni yasiyolipika. Nairobi mambo yalikuwa yale yale: Janet Bujra alipoandika mwaka 1975 juu ya wanawake wa Pumwani waliojenga nyumba za kupangisha, hakusita kuwaita wajasiriamali. Ila nyumba bila ardhi ina kilema kimoja. Haipokelewi na benki kuwa dhamana. Afisa wa mikopo hutaka hati, na hati ni ya mwenye kiwanja, ambaye huenda yuko mbali, au amekufa na warithi wake hawajulikani. Akiamua kuuza kiwanja, anaweza kumwambia mwenye nyumba abomoe. Mwanamke ana mali ya maisha yake yote, na mbele ya benki hana kitu.

Tazama sasa biashara isiyohitaji nyumba. Mvuvi anapotia mashua bandarini, mama karanga, yaani mwanamke mkaanga samaki, huwa amekwisha kufika na ndoo yake, naye husubiri. Samaki wakubwa, changu, kole, nguru, huchukuliwa kwanza na tajiri, kwa kuwa mashua ni yake au nyavu ni zake, au alimkopesha mvuvi na sasa deni linalipwa kwa samaki. Vinavyobaki, tafi wadogo, simsim, dagaa, ndivyo vinavyomfikia mama karanga. Huvipara magamba, huvitia chumvi, huvikaanga katika karai juu ya mafiga, na jioni huketi nje huko Mlaleo, Mtopanga au Mishomoroni akivifunga katika gazeti kwa bei ambayo kila mtu ataimudu. Chakula cha usiku cha mitaa mizima humtegemea. Ni mazoea kueleza nafasi yake kwa kusema hana ujuzi wa soko. Anaujua mno: anajua siku ya mawimbi bei itakavyopanda, anajua mteja gani hulipa mwisho wa mwezi. Tajiri hamshindi kwa akili. Humshinda kwa mashua, na mashua ilinunuliwa kwa mtaji, na mtaji ulitoka mahali penye dhamana.

Wapo wanaoshikilia kwamba tatizo ni utawa, na kwamba dini ndiyo iliyomzuia mwanamke asipanuke. Sikatai kwamba utawa ulibana. Mahamri na mbaazi zilizopikwa ndani ziliuzwa dirishani au zikatumwa na watoto, kofia za vito zilishonwa nyumbani zikauzwa na mwanamume, na kila anayepita katikati alikata chake. Lakini utawa haukuwazuia kujipanga. Vyama vya ngoma ya lelemama vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango na ushindani uliowagharimu wengine mali zao, na Strobel ameonyesha jinsi kutoka katika mazoea hayo kulivyotokea vyama vya miaka ya 1950 kama Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Upatu na chama cha leo ni jamaa wa karibu wa mazoea hayo. Wanawake kumi hawawezi kuendesha mzunguko wa fedha kwa miaka bila daftari, adhabu na uaminifu wa kufuatana nyumba kwa nyumba. Tena jirani wao wa Kigiriama, asiye Mwislamu na asiyejua utawa, anayesuka makuti na kuyabeba mwenyewe hadi kwa mjenzi, hajatajirika kuwazidi. Kama utawa ungekuwa ndio mzizi, yeye angalikuwa mbali.

Kwa kipimo hiki cha umiliki ndipo mipango ya serikali na mashirika ipimwe. Kenya Women Finance Trust, iliyoanzishwa mwaka 1981, ilikuja kukubali dhamana ya kikundi badala ya hati, na hiyo ilikuwa hatua ya busara. Mfuko wa Wanawake wa 2007 ulikopesha vikundi bila riba, kwa ada ya usimamizi tu, jambo lililowafaa wanaoogopa riba. Mwaka uliofuata zikafunguliwa First Community Bank na Gulf African Bank zinazofuata sharia. Mfuko wa Uwezo ukafuata mwaka 2013, na mwaka huo huo asilimia 30 ya zabuni za serikali zikatengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hustler Fund ikaja mwishoni mwa 2022. Yote hayo yamesaidia, na anayesema hayakuleta lolote hajapita soko la Kongowea alfajiri akaona nani wanaopakua viazi na nyanya. Hata hivyo mkopo wa kikundi una dari. Unatosha gunia la unga na mtungi wa gesi. Hautoshi friza, mashua wala duka, na mwenye kutaka vitu hivyo hurudishwa kwenye swali la hati.

Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kisauni pana kazi mbili za kulitimiza hilo, wala si za semina. Ya kwanza ni kuipa nyumba bila ardhi cheti kinachosajiliwa, chenye jina la mwenye nyumba na mkataba wa kiwanja wa muda unaojulikana, ili benki ipate cha kushika na mwenye kiwanja asiweze kuamka siku moja akavunja. Ya pili ni pale serikali inaponunua ardhi ya wenye mashamba wasioonekana na kuwagawia maskwota: mgao huandikwa kwa mkuu wa kaya, na karani akifika mlangoni huuliza baba yuko wapi. Mke na mjane waandikwe siku hiyo hiyo, katika daftari lile lile, kabla ya hati kuchapishwa.