Meli ndogo nyekundu iliyogeuka darasa

Oktoba 20, 1835, merikebu ya Kiingereza iitwayo Beagle ilitweka matanga na kuviacha visiwa vya Galápagos, vilivyo kiasi cha kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador. Urefu wake haukufika mita 30, nayo ilibeba watu zaidi ya 70. Walikuwamo pia kobe wakubwa wapatao 30, waliochukuliwa hai wawe kitoweo cha njiani. Kobe wale waliliwa mmoja baada ya mwingine katika Bahari ya Pasifiki, na magamba yao yakatupwa majini.

Miongoni mwa walaji alikuwamo kijana wa miaka 26, Charles Darwin. Wiki chache kabla, Nicholas Lawson, makamu wa gavana wa visiwa vile, alimwambia kwamba akionyeshwa gamba la kobe tu angeweza kutaja limetoka kisiwa gani. Maneno yale yalimpita Darwin. Baadaye, alipokuwa akiyapanga mambo kichwani, ndipo alipotambua kuwa tofauti za viumbe wa kisiwa kimoja na kingine ndizo zilizokuwa somo lenyewe. Magamba yalikwishazama.

Kisa hiki kinafundisha jambo ambalo kila msafiri anapaswa kulijua. Macho peke yake hayatoshi. Anayetembea anahitaji wa kumwonyesha, na aonyeshwe akiwa bado pale pale, kitu chenyewe kikiwa mbele yake. Zaidi ya miaka 130 baada ya Beagle, Mswidi mmoja aliyejenga maisha yake nchini Marekani aliligeuza wazo hilo kuwa kazi, na kazi yake ikabadilisha namna watu wanavyofika kwenye pembe za dunia ambako hakuna gati wala hoteli.

Mtu aliyekodi meli ya jeshi

Lars-Eric Lindblad alizaliwa mwaka 1927, akahamia Marekani mwaka 1951, na mwaka 1958 akafungua kampuni yake ya safari. Januari 1966 alikodi Lapataia, meli ya jeshi la wanamaji la Argentina, akawapeleka Antaktika wasafiri wasiofika 60. Hakuwa wa kwanza kuwafikisha watalii huko. Argentina na Chile zilikwishawapeleka watu mwaka 1958. Kipya alichokileta Lindblad kilikuwa walimu. Msafiri wake hakwenda kupiga picha na kurudi. Alikwenda kufundishwa na watu walioijua barafu, ndege na nyangumi kwa kazi ya maisha yao. Mwaka uliofuata Lindblad aliwapeleka wasafiri Galápagos kwa mtindo huohuo.

Meli za kukodi hazikumtosha. Mwaka 1969 meli yake mwenyewe, Lindblad Explorer, ilitoka kiwandani nchini Finland. Ilikuwa na urefu wa mita 73, ilichukua abiria kama 100, bodi lake liliimarishwa kwa ajili ya barafu, na ilipakwa rangi nyekundu ili ionekane kwa mbali. Watu waliizoea kwa jina la meli ndogo nyekundu. Mwaka 1984 ikawa meli ya kwanza ya abiria kuvuka njia ya bahari ya kaskazini mwa Kanada, njia iliyowameza mabaharia wengi wa zamani.

Waliofundisha humo hawakuwa watu wa kubahatisha. Alikuwamo Roger Tory Peterson, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1934 kiliwafundisha watu kumtambua ndege kwa kumtazama, bila kumpiga risasi kwanza. Alikuwamo Peter Scott wa Uingereza, mmoja wa waasisi wa mfuko wa wanyamapori wa WWF mwaka 1961. Alikuwamo mchoraji Keith Shackleton. Abiria alikula meza moja na watu hao, akawauliza atakacho. Meli ikiwa na abiria 100, mwalimu na mwanafunzi hujuana kwa majina. Ikiwa na 3,000, mwalimu anabaki sauti tu kwenye spika.

Kushuka nchi kavu

Chombo kilichoifungua elimu hii si meli yenyewe, ni boti ya mpira ya kujaza upepo, inayojulikana kwa jina la Zodiac. Haihitaji gati. Inasukumwa na mashine iliyofungwa tezi, inapita palipo na maji machache, na inapanda ufukweni kama ngalawa.

Utaratibu wa kushuka ni uleule safari baada ya safari. Msafiri anasuguliwa viatu katika maji ya dawa, asije akapeleka mbegu au ugonjwa kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine. Anaposhuka ngazi hampi baharia kiganja. Wanashikana vifundo vya mikono, ili mmoja akiteleza mwingine abaki amemshika. Anakaa ukingoni mwa boti, miguu ndani. Harufu ya kinyesi cha pengwini humfikia kabla hajawaona pengwini wenyewe. Nchi kavu anaambiwa akae mita tano kutoka kwa ndege, na pengwini akija njiani, mwenye kusimama na kupisha ni binadamu. Haokoti jiwe, haachi hata ganda la pipi. Jioni wote hukusanyika ukumbini, kila mwalimu akaeleza kilichoonekana siku ile, na maswali yakaanza.

Taratibu hizi zilianza kama desturi za watu wachache, kisha zikawa kanuni. Mwaka 1991 nchi za Mkataba wa Antaktika zilitia saini Itifaki ya Madrid kulinda mazingira ya bara lile, na mwaka huohuo kampuni saba za utalii zikaunda chama chao, IAATO. Watu wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa.

Galápagos nayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1959, na kituo cha utafiti chenye jina la Darwin kilifunguliwa mwaka 1964. Huko meli ya watalii haizidi abiria 100, na hakuna anayetembea bila mwongozaji aliyefuzu, mmoja kwa watu wasiozidi 16. Mgeni hulipa ada ya kuingia hifadhini, ambayo Agosti 2024 ilipanda kutoka dola 100 hadi 200.

Kuhifadhi huko kumezaa matunda yanayohesabika. Katika kisiwa cha Española walibaki kobe 14 tu katika miaka ya 1960, majike 12 na madume wawili. Walikusanywa, wakaongezewa dume jingine, Diego, kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, wakazalishwa kituoni. Juni 2020 wazee wote 15 walirudishwa kisiwani kwao, na huko wakawakuta watoto na wajukuu wapatao 2,000.

Bahari haisamehe

Si haki historia hii isimuliwe kwa sifa tupu. Mwaka 1972 Lindblad Explorer ilipanda mwamba Antaktika, na abiria wakaokolewa na jeshi la wanamaji la Chile. Januari 2001 meli ya mafuta Jessica ilikwama Galápagos, katika kisiwa cha San Cristóbal, ikamwaga mafuta baharini. Sehemu ya shehena ile ilikuwa mafuta ya meli ya watalii. Na Novemba 23, 2007, ile meli nyekundu, ikiwa mikononi mwa wamiliki wengine na kuitwa Explorer, iligonga barafu karibu na visiwa vya Shetland Kusini. Watu wote 154 walikaa saa kadhaa ndani ya mashua za kuokolea hadi meli ya Norwei, Nordnorge, ilipowachukua. Hakufa hata mmoja. Meli yenyewe ililala ubavu, ikazama siku ileile.

Mwaka 2011 meli zilipigwa marufuku kutumia au kubeba mafuta mazito katika maji ya Antaktika. Lakini idadi ya wageni wa huko sasa inapita 100,000 kwa msimu, na Galápagos ilipokea zaidi ya 300,000 mwaka 2023. Aliyesema kwamba mtu akipajua mahali atapalinda alisema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba wanaokuja kujua wasiwe wengi hadi wapaharibu.

Marejeo ni ngamani

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na simulizi hii nayo inarejea kwetu, Afrika Mashariki. Lindblad alifariki mwaka 1994. Mwanawe, Sven-Olof, aliyeendeleza safari hizo kwa kampuni aliyoianzisha mwaka 1979, aliwahi kuishi Afrika Mashariki miaka kadhaa akipiga picha za tembo. Na hao kobe wakubwa ambao magamba yao yalitupwa na mabaharia wa Beagle wana jamaa zao kwetu. Ukiacha Galápagos, mahali pengine kobe wa namna ile walipobaki porini kwa wingi ni Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli ambacho Uingereza ilitaka kukijenga uwanja wa ndege za kivita, hadi mpango ukaachwa mwaka 1967 baada ya wanasayansi kuupinga kwa nguvu. Kobe wa kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni uzao wa Aldabra. Wa kwanza wanne waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Darasa la baharini nalo tunalo. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, kimehifadhiwa tangu mwaka 1994, na kwenye matumbawe yake hakuvuliwi samaki. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi. Mapato ya wageni husaidia kuwapeleka huko wanafunzi wa Zanzibar, wakavaa miwani ya kuzamia na kuona kwa macho yao matumbawe ambayo wengi wameishi karibu nayo bila kuyajua. Mtoto anayerudi kutoka Chumbe amepata kile ambacho Darwin alikikosa: mwalimu aliye naye majini, na kitu chenyewe mbele ya macho.

Walimu wakuu, wazazi na wenye boti wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mafia, hatuhitaji meli ya mita 73 iliyojengwa Finland. Tunahitaji boti salama, makoti ya kuokolea yanayowatosha watoto, mzee mvuvi anayejua majina ya samaki, na siku moja ya shule. Kutoka Unguja mjini hadi Chumbe kwa boti ya mashine, safari haifiki saa moja.