Mazuku, chupa ya soda na Ziwa Kivu



Mwanafunzi mmoja mwenye jamaa zake Goma aliniuliza darasani: "Maalim, mazuku ni majini?" Kule, alisema, mbuzi hukutwa asubuhi wamekufa bondeni bila jeraha. Nikamjibu harakaharaka kwamba huenda ikawa hivyo. Nilirudi nyumbani sina raha, maana nilisema nisilolijua. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Mazuku ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, ila hii hutoka katika nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi wala harufu. Molekuli yake ina uzito wa 44, ilhali wastani wa hewa ya kawaida ni kama 29. Kwa hiyo ni nzito mara moja na nusu, nayo hutulia mashimoni kama maji, hasa usiku usio na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi au mtoto mdogo ameshaanguka. Na anayeinama kumwokoa huingia humo humo.

Sasa tazameni Ziwa Kivu, ambalo wengi wetu tunalijua kwa samaki na likizo za Gisenyi. Kina chake kinafika kama mita 485. Hewa ya volkano huingia chini kabisa, na vijidudu hugeuza sehemu yake kuwa methani, gesi inayowaka. Wataalamu wanakadiria kuwa humo mna kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 za methani.

Mbona haitoki? Fungua chupa ya soda. Kabla ya kufungua huoni povu, kwa kuwa mgandamizo umeishikilia gesi ndani ya maji. Mwingereza William Henry alilieleza jambo hili mwaka 1803: mgandamizo ukizidi, gesi inayoyeyuka huzidi. Ziwani, kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 300 ni mara 31. Kifuniko cha chupa hiyo ni maji yenyewe.

Kifuniko kama hicho kilifunguka Kameruni tarehe 21 Agosti 1986. Ziwa Nyos, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa hewa yake usiku mmoja, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Ni baada ya hapo ndipo macho mengi yalipoelekea Kivu. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, lakini gesi ya chini haikutikisika.

Kuivuna kulianza zamani. Mwaka 1963 mtambo mdogo uliwekwa Rubona, karibu na Gisenyi, ukapeleka methani kwenye matanuri ya kiwanda cha bia (hapo nanyamaza). Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt, Karongi, wa megawati 26. Bomba hushushwa zaidi ya mita 300. Maji yakishaanza kupanda, mgandamizo hupungua, mapovu hutokea, na maji yenye mapovu, kwa kuwa mepesi, hujipandisha yenyewe bila pampu. Juu, gesi huoshwa kwa maji: hewa ya ukaa huyeyuka upesi, methani hubaki.

Wiki iliyofuata nilichukua bakuli lenye kina, nikasimamisha mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Nikatia magadi soda chini, kisha siki taratibu. Povu likapanda. Mshumaa mfupi ukazimika, mrefu ukaendelea kuwaka. Yule mwanafunzi alitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi huu mfupi ndiye mbuzi."