Uvimbe, Mchochota na Mafuta ya Mwili

Mfasiri aandikapo kwamba unene wa kupita kiasi huleta "uvimbe" mwilini, msomaji huelewa nini? Aghalabu hufikiri juu ya jipu, au uvimbe ule utolewao kwa kisu cha mpasuaji. Mwandishi wa asili hakukusudia hata kimojawapo, na neno hilo likiingia katika kijitabu cha afya humtia mgonjwa hofu isiyo na sababu.

Katika karne ya kwanza Celsus wa Roma alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe, basi, ni dalili moja tu ya tukio zima, yaani kinga ya mwili kukabiliana na vijidudu au jeraha. Tukio hilo tunaliita mchochota. Zamani kuyachanganya maneno haya mawili hakukudhuru sana, kwa kuwa mchochota uliofahamika ulionekana kwa macho.

Mambo yalibadilika mwaka 1993. Hotamisligil, Shargill na Spiegelman, huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi protini iitwayo TNF-alfa, mjumbe wa kinga, ambayo huzuia insulini isifanye kazi yake vema. Mwaka 1994 ikagunduliwa leptini, homoni itokayo katika mafuta hayo hayo (na jina lake, ajabu, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba). Mwaka 2003 ikadhihirika kwamba seli za kinga zimezazo vijidudu hujikusanya katika mafuta ya mtu mnene. Hapo hapana wekundu wala joto la kugusika. Mchochota upo, uvimbe haupo. Na mafuta yaliyodhaniwa kuwa ghala tu, kumbe hutuma ujumbe.

Liko tatizo jingine, nalo ni zito zaidi. Mwaka 1985 ilitangazwa Marekani kwamba wafanyakazi wa hospitali walionenepa sana walipata kinga hafifu baada ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hivyo kinga ya mtu mnene huchochewa pasipo haja, na huweza kulegea penye haja. Mfasiri atashawishika kuandika "upungufu wa kinga mwilini". Maneno hayo yamekwisha kutwaliwa: ndiyo yaliyozaa jina UKIMWI, na wasomaji wengi hawatayaelewa vinginevyo. Sisi twapendelea "kuvurugika kwa kinga", ijapokuwa hakufupishiki kwa herufi.