Kauri ya Pwani na Chungu cha Uvinza

Mwaka 1955 mwanaakiolojia wa Kiingereza, Mortimer Wheeler, alisema kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kwa pwani neno hilo lina haki yake. Makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli yaliyokazwa katika chokaa, na vigae vyeupe vyenye michoro ya buluu huonekana katika magofu mengi. Ila Wheeler alitaja Tanganyika, na Tanganyika haikuishia Kunduchi.

Vyombo hivyo vya buluu na vyeupe havikuwa vya anasa kila mahali. Huko Arita, Japani, tangu karne ya 17, mafundi walivichora kwa mkono kwa rangi ya kobalti, wakavifunika kwa utando mwembamba wa kioo, wakavichoma kwa moto wa kiasi cha digrii 1,300. Na baadaye bakuli la namna hiyo likawa chombo cha mlo wa kawaida. Mwaka 1936 Yanagi Soetsu alifungua jumba la makumbusho mjini Tokyo kwa ajili ya kazi za mikono za kila siku, nyingi zikiwa za mafundi wasiojulikana majina.

Ujiji ilikuwa mbali na biashara hiyo. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Katika safari kama hiyo mzigo uliofaa kichwa cha mpagazi ulikuwa nguo, nyaya na shanga, vitu visivyoharibika mtu anapojikwaa. Sokoni Ujiji shanga za kioo zilizoitwa sofi zilitumika kama fedha.

Basi atafutaye maandishi ya ardhini upande wa ziwa na aende Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Chumvi yake ilipelekwa Ujiji na mbali zaidi, nayo ilipatikana kwa kuchemsha maji hayo katika vyungu. Chungu cha namna hii kilifinyangwa bila gurudumu na kuchomwa kwa moto wa wazi. Hakikuwa na rangi ya kobalti wala utando wa kioo. Kazi yake ilikuwa kustahimili moto na chumvi, na kilipopasuka kiliachwa papo hapo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliitwaa kazi ya chumvi, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, ikifungua njia ya vyombo vya viwandani.

Hakuna aliyevikaza vigae vya Uvinza katika kaburi la mtu mkubwa. Vililala mekoni, tabaka juu ya tabaka, pamoja na majivu na makaa. Sutton na Roberts walipochimba hapo mwaka 1967, walikuta kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa tangu katikati ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, karne kadhaa kabla ya ile ya 10 ambayo Wheeler alianzia hesabu yake.